Siku niliyompakia mkunga kwenye baiskeli nikachagua njia ya sokoni, Chake

Salaam wakuu, wazee kwa vijana.

Nimewasoma humu mnavyobishana kuhusu njia za kupita na baiskeli mjini, nikacheka peke yangu. Haya yalinikuta mwenyewe, sitii chumvi.

Ilikuwa Pemba, miaka michache kabla ya Mapinduzi. Dada yangu Asha, kwetu Vitongoji, alishikwa na uchungu tangu alfajiri. Mimba ya kwanza, na mtoto hashuki.

Mama akaniambia, "Mfuate Bi Mize kule mjini Chake Chake. Usirudi bila yeye."

Bi Mize alikuwa mkunga, akikaa upande wa pili wa mji. Nikampata, akapanda keria ya nyuma, kikapu mapajani.

Sasa njia. Ya sokoni ni fupi. Ya bondeni inazunguka mashamba ya mpunga, kisha kilima. Mimi damu inachemka, nikashika shortcut ya sokoni.

Wakuu, ulikuwa msimu wa karafuu! Malori, wapagazi, magunia, mji umefurika. Nilipiga kengele mpaka kidole kikauma. Mbele lori limekwama kwenye kona, nyuma limekuja jingine. Hatuendi, haturudi.

Nikaanza kulia. Ndiyo, kijana mzima.

"N'teremshe," akasema Bi Mize.

"Tungoje kidogo Bi Mize, litatoka."

"Asha hangoji lori. Tia baiskeli begani, unifuate."

Akaingia uchochoroni, akikata nyua za watu. "Hodi! Nina mzazi ananingoja!" Watu wakatupisha. Bibi mmoja alikunja jamvi lake zima la karafuu ili tupite. Tukatokea bondeni, Bi Mize akapanda tena keria.

Kile kilima sijui nilikipandaje.

Tulipofika, Mama yuko mlangoni. Bi Mize akaingia. Mimi nikabaki uani, usukani bado mkononi.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Ndipo nikasikia kilio chembamba cha mtoto. Nikangoja. Kisha sauti ya Asha, akiomba maji.

Hiyo ndiyo iliyonikalisha chini. Alhamdulillahi.

Somo nililopata: mjini njia haipimwi kwa urefu tu, uliza kwanza kama leo inapitika. Na muulize uliyempakia. Bi Mize alizijua nyua zile zote, nusu ya mji imezaliwa mikononi mwake, nami sikumuuliza hata neno.

Haya wakuu, nanyi shortcut gani iliwatoa jasho? Nipo, nasoma.