Sentimita Moja ya Mama Mkwe

Rula alikuwa mwoga tangu utotoni, wala hakuficha. Akishafunga mlango na kupiga hatua kumi, alirudi kuutikisa. Jiko la gesi alilizima, akaliangalia, kisha akamwita mumewe naye aje aliangalie. Kitu kimoja tu hakikumtisha duniani, nacho ni kompyuta.

Jina la Rula alilipata kwenye karakana ya samani, alikochora makabati ya jikoni kwa miaka minane. Kule alijifunza kulinganisha maumbo kwenye skrini: unagusa nukta tatu kwenye umbo la kwanza, unagusa nukta tatu kwenye la pili, na lile la kwanza linaruka na kukaa pale pale linapotakiwa. Kila mara programu iliuliza swali moja: umbo libadilishwe ukubwa ili likae sawasawa? Kwenye makabati jibu lilikuwa ndiyo. Mlango ulitakiwa ujae kwenye nafasi yake, basi. Alibonyeza ndiyo mara nyingi hata kidole kikawa kinajibu chenyewe, bila kumsubiri mwenye nacho.

Karakana ile ilipofungwa, akapata kazi kwenye karakana ya viungo bandia. Hapo alichora vikombe, yale magamba ya plastiki ngumu ambayo kigutu cha mguu huingia ndani yake. Kigutu hupigwa picha pande zote, picha hiyo hulazwa juu ya ile ya mwaka uliopita ili kuona kimevimba wapi na kimenywea wapi, kisha kikombe huchongwa kwa kufuata picha mpya.

Mama mkwe wake alikuwa mmoja wa wateja. Kisukari kilimchukulia mguu chini ya goti, na daktari akamwambia bila kuzunguka: kidonda kingine hapo, na goti nalo litakwenda. Kwa mama aliyeishi peke yake ghorofa ya pili, kwenye jengo lisilo na lifti, goti hilo ndilo lililokuwa likimweka nyumbani kwake. Kigutu chake kilikuwa na ganzi, hakisikii kitu. Ulimi wake haukuwa na ganzi hata kidogo. Aliwahi kumrudishia Rula sufuria mbele ya wageni aisugue upya, na tangu siku hiyo Rula alimwogopa kuliko gesi.

Alhamisi, mama mkwe alikabidhiwa kikombe kipya. Jumatatu asubuhi Rula alikuwa akilinganisha kigutu cha mteja mwingine. Nukta tatu, nukta tatu. Programu ikauliza, kidole kikajibu. Picha mbili zikalalana bila hata upenyo wa unywele, Rula akatabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni. Nyama ya mtu haikai mwaka mzima bila kubadilika. Vigutu viwili vikilingana namna hiyo, basi kile kipya kimepunguzwa kifanane na cha zamani; na cha mama mkwe alikilinganisha kwa kidole hicho hicho.

Alifungua faili la mama mkwe. Akapima mzunguko kwenye skrini: sentimita thelathini. Akaitafuta kadi ambayo fundi mkuu aliijaza kwa futi ya kamba siku ya vipimo: thelathini na moja. Akakumbuka Alhamisi ile, fundi mkuu alipouliza, "Kinabana, mama?" na mama mkwe akamjibu, "Kimechorwa na mkwe wangu, kitabanaje?" Fundi mkuu alicheka, akaenda kwa mteja aliyefuata. Siku nne sasa mguu wenye ganzi ulikuwa ndani ya kikombe kile.

Alipiga simu mara tatu, haikupokewa. Akaenda kumweleza fundi mkuu, machozi yakimtoka. Fundi mkuu hakupandisha sauti, na hilo likamtisha Rula zaidi.

"Achana na simu, nenda," alisema. "Ukikuta ngozi imepasuka, mpeleke zahanati moja kwa moja. Na mguu asiuvae tena, hata hatua moja."

Njia nzima Rula aliliona goti lile. Aliliona limefungwa bandeji, akaliona halipo. Alipofika kwenye ngazi, alipanda akijivuta kwa kushika ukuta, akiogopa atakachokikuta juu na akimwogopa pia mwenyewe aliyeko juu.

Mama mkwe alifungua mlango akiwa amesimama wima, mguu umevaliwa. Nyuma yake, kwenye kamba ya kibarazani, zilianikwa soksi tatu nyeupe za kigutu. Moja ilikuwa na doa la kahawia lililoishinda sabuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamekufukuza kazi?"

"Bado. Mama, naomba uvue mguu."

"Umeanza lini kuniamuru?"

"Leo." Sauti ilimtetemeka, lakini ilitoka. "Nilikosea, mama. Kikombe ni kidogo, nimekipunguza mimi mwenyewe kwa kidole changu. Utanisema baadaye unavyotaka. Vua kwanza."

Mama mkwe alikaa kitini na kuvua. Chini kidogo ya goti, kwenye mfupa wa muundi, ngozi ilikuwa imefunguka kiasi cha punje ya haragwe, na kingo zake zilikuwa mbichi.

"Tangu lini?" Rula alinong'ona.

"Ijumaa."

"Na hukusema?"

"Niliona damu kwenye soksi, nikafua." Mama mkwe aliuangalia ukuta. "Nikisema, nitapelekwa kwa daktari, na daktari neno lake ameshalitoa. Niliogopa, mwanangu."

Miaka tisa ya ndoa, na Rula hakuwahi kulisikia neno hilo kwenye kinywa kile. Wala hakuwahi kuitwa mwanangu.

Walishuka ngazi kwa makalio, mama mkwe akikaa kipandio baada ya kipandio, Rula akitangulia kinyumenyume huku amekibeba kigutu kwa mikono miwili. Hakuthubutu kukitazama, wala hakuthubutu kutazama pembeni.

Kule zahanati, muuguzi alikiosha kidonda, akabonyeza, akainama, akabonyeza tena. Wote wawili waliukodolea macho uso wake.

"Hakijafika kwenye mfupa," alisema hatimaye. "Wiki tatu bila mguu, na kioshwe kila siku. Mngengoja wiki moja zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine."

Rula aliachia pumzi, na papo hapo akaanza kulia.

"Fundi mkuu atakuchorea kingine, mama. Mimi sigusi tena."

"Utachora wewe."

"Lakini mama, mimi ndiye niliye..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Yule fundi wako alinihudumia huku anaangalia foleni. Hakiogopi kigutu changu. Wewe unakiogopa."

Akaushika mkono wa Rula, ambao ulikuwa bado unatetemeka, na hakumwambia atulie.