Tangazo la kumtenga mwalimu wa Kifaransa

Leo nimebandika tangazo la kuzuia watu, nalo likawaita.

Mwalimu wetu mpya wa Kifaransa kafika juzi kutoka kwao Ufaransa. Kwa haya mafua yanayosambaa, tumeagizwa akae peke yake siku tano ndipo aingie darasani. Hata chafya hana. Ni tahadhari tu.

Mimi ndiye mwalimu wa afya hapa shuleni. Asubuhi nikabandika karatasi mlangoni kwake: "Mgeni yuko karantini. Msimkaribie."

Saa nne napita, nakuta watu wamejaa dirishani kwake.

Mama Zaituni, mpishi wetu, mtu wa Kondoa, kaja na uji wa ulezi. Mlinzi kaleta zabibu za shambani kwake. Wengine wamevuta benchi kabisa, wanampa pole kwa zamu.

Nikauliza, jamani, tangazo hamjalisoma?

Mama Zaituni akanitazama kwa huruma. "Tumelisoma, mwanangu. Bila hilo tungejuaje kwamba mgeni anaumwa?"

Mgonjwa kwetu huendewa, na mimi nimelelewa hivyohivyo.

Mgeni mwenyewe yuko ndani, kikombe mkononi, anacheka. Kwa Kiswahili chake cha siku mbili akasema, "Mimi mzima. Lakini uji mzuri."

Nikajikaza, nikawaamuru wote warudi nyuma hatua tatu. Wakatii.

Ndipo mlinzi akasema taratibu, "Sawa, mwalimu. Na hiyo chupa ya chai ya tangawizi uliyoikumbatia, unampelekea nani?"

Bado natafuta jibu. Nisaidieni.