Chuma cha Makaburini

Mume wangu alikuwa mtu wa genge la reli hapa Kimamba. Kazi yake kushindilia kokoto chini ya mataruma, yale mapande ya chuma yanayobeba reli. Genge lilikuwa na desturi yake. Mwenzao akifa, walichukua taruma lililochakaa kutoka kipande alichokitunza mwenyewe, wakalisimika kichwani pa kaburi. Hawakuandika kitu. Nani angeandika? Mimi mwenyewe niliishia darasa la pili. Majina tuliyashika kichwani, na ninayo yote mpaka leo.

Sasa reli hiyo ya zamani inakarabatiwa. Mataruma ya chuma yanatoka, yanawekwa ya zege. Ni jambo jema. Kila masika mafuriko yalikuwa yanaila ile njia. Ila asubuhi moja nimekwenda kupalilia makaburi, nakuta mashimo matupu. Watu wa mradi walidhani ni chuma chakavu, wamezoa chote. Na kesho greda la mradi linakuja, lisawazishe pale pawe njia ya malori.

Nikaenda stesheni kwa mguu. Lori limeshajaa. Msimamizi wao, binti wa kofia ngumu ya njano, akanipa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Mmembeba mume wangu."

Nikamweleza. Dereva wa lori aliposikia marehemu ni Mnyamwezi, akajua ni mtani wake wa kikabila.

"Mnyamwezi! Kabeba mizigo maisha yake yote, leo kabebwa yeye, bado bibi unalalamika?"

"Mshushe, mvivu wewe!"

"Lakini bibi, yote yanafanana," binti akasema.

"Tafuteni lisilo na kutu."

La mume wangu nilikuwa nalipaka oili chafu kila mwaka. Walilikuta chini kabisa, jeusi, linateleza. Yale mengine sikuyatambua, nikamwambia binti ukweli. Akashusha ya kutosha mashimo yote, akapiga simu greda lisimame.

Makaburini, mataruma yaliposimikwa tena, binti alitoa rangi yao nyeupe. Shimo kwa shimo nikataja jina, yeye akaandika juu ya chuma. Kwa mume wangu, dereva akaishika brashi, akadai soda kwanza, ada ya mtani.

"Andika kwanza."

Tulipomaliza nikamwambia binti anisomee yote. Majina mawili ya makaburi jirani alikuwa ameyapishanisha. Akayafuta, akaandika upya.

Njia ya malori ikapitishwa upande wa pili, kwenye mkonge.