Leica ya Lokwang

Lokwang alikuwa mpiga picha wa mtaa wa Bulla Pesa. Studio yake ilikuwa chumba cha mabati chenye pazia lililochorwa ndege ya abiria. Mwaka wa 1977, Mjerumani mmoja aliyekuwa akienda kutazama wanyama alikwama mchangani karibu na hapo. Lokwang akaita watu, wakasukuma gari mpaka likatoka. Kwa furaha yule mgeni akavua kamera yake, Leica, akamvisha Lokwang shingoni, akaondoka akipiga honi.

Lokwang hakuitumia hata mara moja. Aliogopa kuichosha. Aliendelea na kamera yake ya zamani, iliyofungwa kwa mpira wa tairi, na Leica akaitundika ukutani. Habsa, muuza maziwa ya ngamia, ndiye aliyeanza: "Lokwang, nivalishe hiyo. Nipige nikiwa nayo."

Tangu siku hiyo hakuna aliyekubali kupigwa picha bila Leica. Bwana harusi aliivaa juu ya kanzu. Mzee Lomuria aliishika sikioni kama redio. Robow, mpiga picha wa upande wa pili wa soko, alitangaza kwamba kamera hiyo ina kiburi, inadharau maskini. Jioni moja akaja amejifunika kofia, akapigwa picha nayo.

Kisha picha zikasafiri. Malori yalizipeleka Merti, yakazipeleka Biliqo, na jamaa waliozipokea wakaanza kuja. Hersi, dereva wa lori, alifungua mlango akakuta ua umejaa binamu.

"Salaam aleikum. Tumesikia mambo yako yamenyooka."

"Nani amesema?"

Wakamtolea picha yake. "Mtu mwenye kitu kama hiki shingoni hawezi kukosa cha kutugawia."

Hersi alifika studio mbio. "Hiyo mashine yako imenimaliza! Watu wanakula kwangu kama nzige!"

"Kwani mimi nilikulazimisha?"

"Hukunilazimisha. Lakini kwa nini inang'aa hivyo?"

Hakuwa peke yake. Habsa alikuwa amevamiwa na wifi zake wote, na bwana harusi alidaiwa nyongeza ya mahari. Watu wakajaa mlangoni, wakitaka Leica itupwe mto Ewaso Nyiro. Lokwang akachoka na kelele, akaivuta kutoka ukutani. Umati wote ukapiga yowe: "Pole pole! Utaikwaruza!"

Akairudisha. Halafu akatundika kando yake shati kuukuu lililoraruka mabegani, akasema, "Aliyechoka na jamaa avae hili. Nitampiga upya."

Foleni ikafika barabarani. Watu wenye maduka walijifunza kuinamisha shingo na kuvuta mashavu ndani. Hersi alipeleka picha yake mpya Biliqo, na binamu wakaacha kuja.

Ila mjomba wake, Shuriye, aliiona akalia. Hakungoja. Alipanda pikapu na mbuzi wa maziwa, akaja kumwokoa mtoto wa dada yake.

Hersi alipoambiwa mjomba ameshuka sokoni, alikimbilia studio. Alimkuta Robow ameketi mbele ya ile ndege, amevaa shati, ametazama chini kwa huzuni.

"Vua upesi! Mjomba wangu anakuja!"

"Bwana, subiri," Robow alisema bila kuinua uso. "Hii ni zamu yangu."

Nje, mbuzi walikuwa tayari wanalia.