Kwa Dada Imma, Aliyeniita Fasi

Bado siamini, na leo ni siku ya tano. Dada Imma amekufa. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta, nikaandika tena nikaifuta. Haibadiliki.

Wengi wenu humu kundini hamjawahi kusikia sauti yangu. Mnanijua kwa zile picha za farasi. Zote alizipiga yeye.

Kwa wasiomjua: alikuwa guide, binti wa Nyamitanga, kule Mbarara. Alipeleka wageni kwa farasi mpaka kwenye ule mlima wenye handaki la kale, kule nyuma ya kambi yetu ya Nakivale ambako gari halifiki.

Alinikuta hapa kambini nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza shule. Alikuwa anatafuta msichana anayejua Kifaransa, amtafsirie wageni. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Mbarara, "Wewe najua farasi?"

Sisi Wakongo mahali tunapaita fasi. Mimi nilisikia fasi. Nikamuuliza, "Fasi gani?"

"Farasi ya mlima!"

"Ile naijua muzuri. Nilipandaka na baba mara tatu."

"Mara tatu! Wewe ndiyo nataka. Kesho asubuhi."

Baba alichungaga ng'ombe za watu kule mlimani. Mimi nilikuwa naongelea mlima. Kesho yake Dada Imma akaja na mnyama mrefu kupita mlango wetu, akasema, "Panda basi." Nikamuuliza, "Dada, hii nini?"

Jamani! Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, helmeti kichwani. Angeweza kwenda kutafuta mwingine. Hakwenda. Alinifundisha. Na tangu siku ile hakuniita tena kwa jina langu. Nikawa Fasi.

Farasi wake alimwita Bihogo, jina la ng'ombe mwenye rangi nyekundu ya kuiva. Wageni waliposhangaa aliwaambia, "Mimi ni mtu wa ng'ombe. Hii pia ni ng'ombe, pembe tu ndiyo hakuna."

Juu kule hakuna jumba wala mnara. Kuna handaki tu, limezunguka kilele chote. Watu wa zamani walilichimba ili mifugo yao ilale ndani salama. Dada Imma aliwashusha wageni wote, akawapitisha kwa miguu kwenye pengo la zamani. Alisema huwezi kuingia kwa watu ukiwa umekaa juu ya farasi, hata kama wenyewe walishaondoka.

Mimi nilitafsiri huku nikitazama kwato.

"Sauti, Fasi! Hata Bihogo hasikii, bambi, maskini."

"Dada, niko nasikia haya."

"Haya itakusaidia nini? Siku moja wewe ndiyo utakuwa guide. Mimi nitabaki nyuma, nakula kabalagala zangu za ndizi."

Mnaniandikia pole, na kwamba nilikuwa kama mdogo wake. Asanteni. Lakini kuna kitu hamjui, na siwezi kuendelea kupokea pole zenu nikiwa nimekificha.

Jumamosi tulisimama kwenye maji, chini ya mlima, farasi wanywe. Hapo kila mara Dada Imma alilegeza mkanda wa tandiko tumboni mwa Bihogo apumue, halafu akaukaza kabla ya kupanda. Siku hiyo mgeni mmoja alimwita amsaidie buti. Aliporudi alikuwa tayari ameanza briefing, kuwaelekeza wageni kuhusu miamba iliyo mbele. Akakanyaga jiwe, akapanda huku anaongea. Hakukaza.

Mimi niliona. Nilikuwa wa mwisho kwenye mstari, na niliona kabisa mkanda unaning'inia.

Nilifungua mdomo. Wageni wote walikuwa kimya wanamsikiliza. Nikafikiri, mimi ni nani wa kumsahihisha Dada Imma mbele za watu? Nitamwambia tukifika juu, tukiwa wawili.

Hatukufika juu.

Kwenye miamba tandiko liligeuka, akaanguka nalo. Nilimfikia akiwa bado ananiona. Akasema, "Fasi, shika Bihogo."

Nikamshika Bihogo. Wageni ndio waliomshika yeye mikono. Mimi nilisimama pale na kamba, kwa sababu ndivyo alivyoniambia. Tulimbeba kwenye blanketi la farasi. Kabla hatujaiona barabara alikuwa ameshanyamaza.

Kwenye mazishi Nyamitanga waliomba rafiki wa kazini aseme maneno mawili. Nikasimama. Watu wakangoja. Nikakaa.

Baadaye nilimfuata mama yake nikamweleza habari ya mkanda, kila kitu. Akanishika mashavu kwa mikono miwili, akaniambia jambo refu kwa Kinyankore. Sikuelewa hata neno moja. Na niliona haya kumwomba arudie. Mpaka sasa sijui kama alinisamehe au alinilaani.

Jana nilikwenda kwa miguu mpaka pale kwenye maji. Nikasimama palepale niliposimama Jumamosi, nikaita, "Dada Imma! Mkanda!"

Sauti ilitoka. Kubwa, Dada, kama ulivyokuwa unaitaka. Mbuzi wa watu wakakimbia. Mchungaji akasimama kunishangaa, na wala sikuona haya.

Kumbe ilikuwemo. Ilikuwemo hata Jumamosi.

Fasi ulipolala naijua, Dada Imma. Ulale hapo salama. Hili neno moja nililochelewa kulisema, sina fasi ya kuliweka.