Viatu Ambavyo Mume Wangu Alisema Amevigawa

Jumatatu moja asubuhi, mteja nisiyemjua aliniwekea mezani viatu vya mume wangu.

Sikosei jamani. Viatu hivyo nilivishona mimi, kwa mikono yangu hii, na mume wangu aliniambia alishavigawa miaka miwili nyuma.

Tulieni nianzie mwanzo, maana nikianza na hasira nitawachanganya.

Mimi ni fundi viatu. Wateja wangu wakubwa ni wacheza salsa, kwa sababu mjini kwetu ni mimi peke yangu ninayebandika ile soli ya ngozi laini, inayoteleza kwa kiasi bila kukumwaga chini. Nami nilikuwa mchezaji. Mimi na mume wangu tulicheza miaka tisa, kila Jumapili mchana. Hata kukutana tulikutana hukohuko.

Sasa mcheza salsa akikuambia anachagua ukumbi kwa sababu ya muziki, huyo anakupiga kamba. Tunachagua sakafu.

Kumbi zilikuwa nne. Kuna ule wa juu ya paa la ghorofa, saruji tupu. Upepo mzuri, watu wachangamfu, ila inakula soli kama msasa, na ukizunguka mara mbili tu goti linaanza kulalamika.

Kuna wa chuo, uliopakwa rangi ya mafuta. Watu wakishatoka jasho, unanata. Unataka kugeuka, sakafu inakung'ang'ania mguu kama mtoto anayelilia kubebwa.

Halafu mgahawa wa vigae. Taa, vioo, kila mtu anataka kupigwa picha pale. Lakini vigae havina huruma hata chembe, na wajuaji huwa tunavaa soli ya mpira tukienda kule.

Wa mwisho ni ukumbi wa zamani wa mazoezi, mbao tupu zilizopakwa nta. Huo ndio ukumbi, wengine wanajaribu. Mbao inaupokea mguu. Unazunguka mara tatu, mara nne, na kesho yake unaamka unatembea vizuri.

Goti langu liliishia kwenye vigae.

Mume wangu alinizungusha, mguu ukakimbia, nikasikia kitu kimekatika ndani. Daktari akasema ni kano. Mume wangu akasema nilichelewa kugeuka, uzito nikauacha kwenye mguu usiofaa. Nikakubali. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza, ningebisha nini? Nikapasuliwa, nikatembelea magongo miezi minane.

Kipindi hichohicho akaniambia hawezi kucheza bila mimi. Viatu amevigawa, hataki hata kuviona. Yeye ni fundi umeme, basi Jumapili zake akaanza kuchukua zamu kazini. Nililia kwa mapenzi. Nikawa nawatambia wateja kwamba mwanaume niliyempata mimi hapatikani tena.

Mjinga mimi.

Haya, turudi Jumatatu. Mteja mwenyewe alikuwa mama wa makamo, muuza vitambaa, mcheshi hana mfano. Akasema viatu ni vya mwalimu wao wa salsa. Ameona soli zimekwisha, akavichukua kabatini ukumbini bila mwenyewe kujua. Anataka kumfurahisha.

Mwalimu!

Sikuwa na haja ya kuuliza ukumbi gani. Nta ya njano ilikuwa imejaa kwenye mishono, na nta mjini iko sakafu moja tu. Pembeni ya nta kulikuwa na ungaunga mweupe. Nikaugusa, nikanusa. Poda ya watoto.

Nikajisemea, hapa kuna mwanamke, tena ana mtoto mchanga.

Soli nilibandika, tena vizuri. Kazi ni kazi. Lakini wiki ile nilimpikia mume wangu chakula huku nikihesabu siku za kufika Jumapili.

Jumapili akaaga anakwenda zamu. Nikampa saa moja, nikapaka rangi ya mdomo, nikatoka na matusi yangu yote nimeyapanga kichwani.

Ukumbini nilisimama nyuma ya mlango uliokuwa wazi nusu. Nikatafuta mwanamke. Wanawake walikuwepo kama kumi na tano, wanaume kama kumi, wote wanafunzi, na yeye mbele yao. Hakuna aliyemshika vibaya. Hakuna aliyemtazama kwa jicho la wizi. Nikaanza kujiona mchawi.

Ndipo akachukua kopo la poda, akanyunyiza kidogo pembeni, akakanyaga, akazunguka. Akawaambia hiyo ni siri ya wacheza salsa, inasaidia mguu uteleze.

"Lakini ni kwenye mbao tu, tena kidogo," akasema. "Kwenye vigae usithubutu. Mimi niliwahi kuimwaga kwenye vigae, nilitaka mwenzangu azunguke haraka watu watutazame. Hakujua kama nimeiweka. Goti lake likaenda."

Watu wakaguna. Yule muuza vitambaa akauliza kama mwenzake alimsamehe.

"Ana moyo mzuri," mume wangu akajibu. "Alinielewa."

Watu ishirini na tano nisiowajua wanajua habari za goti langu, na mimi mwenye goti sijui.

Nikaingia. Akaniona. Akawaambia wapumzike kidogo, akaja mbio, sura imempauka.

"Mke wangu, nilikuwa nitakuambia."

"Lini?"

Akasema aliogopa. Kila siku alikuwa anasema kesho. Akaona nikijua nitamwacha, na hapa ukumbini angalau anawazuia wengine wasifanye kosa lake. Alikuwa analia kweli, hilo simnyimi.

Nikamuuliza swali moja tu. "Siku ile hospitalini, kabla hawajaniingiza kupasuliwa, nilikushika mkono nikakuambia nini?"

Akainamisha kichwa.

"Nilikuambia nisamehe, nimekuharibia mchezo. Wewe ukanijibu nini?"

Yule muuza vitambaa alikuwa ameshasogea karibu, amejishika mdomo.

"Sema. Umewasimulia yote, wasimulie na hilo."

"Nilisema nimekusamehe," akajibu, kwa sauti ambayo wanafunzi wake wote waliisikia.

Mtaniuliza kama tumeachana. Anakaa kwa kaka yake. Wifi yangu kaja mara mbili kumwombea, ananiambia nisivunje ndoa kwa sababu ya poda. Wifi, nakupenda, lakini hujaelewa. Poda ilikuwa kosa la dakika moja, la mtu anayependa sifa, na ningelimaliza palepale kitandani hospitalini. Nawaambia na ninyi mnaosoma: ukimuumiza mtu, mwambie mapema, angali na maumivu yaleyale, usimwachie alale na lawama zako. Miaka miwili nilimshukuru yule mwanaume kila Jumapili kwa kunisamehe.