Kikubwa Ndicho Nafuu

Jirani yangu tulimwita Mama Sufuria, na jina hilo alilipenda. Maisha yake yote ya kazi alipikia bweni la shule, vijana mia nne, na mchele kwake ulianzia kwenye gunia. Mume akafariki, mtoto wake wa pekee akaoa mji wa mbali, shule nayo ikamstaafisha. Akabaki na vyumba viwili, jiko dogo, pensheni nyembamba na kanuni aliyotoka nayo bwenini: kikubwa ndicho nafuu.

Bwenini ilikuwa kweli. Gunia huwa nafuu kuliko kilo. Mimi ninauza nafaka kwa kopo tangu sina hata meza, nalijua hilo. Ila duka kubwa la njia panda nalo linajua kwamba tunajua. Hapo ndipo linapotukamatia.

Kila Jumamosi alipita kwenye genge langu akitoka huko, mifuko imemshusha mabega, risiti mkononi. Chini ya risiti wanaandika: Hongera, leo umeokoa kiasi fulani.

"Ona, mdogo wangu. Nimeokoa!"

"Hongera, dada. Hebu nikopeshe hiyo uliyookoa."

"Wewe una wivu wa biashara tu."

"Wivu ninao. Lakini pesa iko wapi?"

Pesa ilikuwa chumba cha pili. Humo mlijaa sabuni za nunua-mbili-upate-ya-tatu, madumu ya mafuta, mifuko ya unga hadi dirishani. Godoro la wageni lilikuwa limesimamishwa ukutani kupisha katoni. Na yeye haja yake duniani ilikuwa moja: nauli. Mwanawe alipata binti, na bibi mtu hajamtia machoni mpaka mtoto ameota meno. Kila pensheni ikiingia, "Mwezi huu nakwenda." Kila mwezi nauli inaishia kwenye ofa.

"Wakija wao je?" aliniuliza. "Watakuta nini?"

Hawakuja. Waliokuja ni wadudu wa unga.

Alikuja kuniazima chekeche, uso umemshuka, na mfuko mmoja ambao haujafunguliwa. Nikauweka kwenye mizani.

"Huo ni wa kilo tano," akasema.

Mshale ukasimama kwenye nne na kidogo. Nikamwonyesha maandishi ubavuni, madogo kama miguu ya sisimizi. Mfuko ni uleule, picha ileile, kilichopungua ni unga. Tukapiga hesabu ya kilo moja moja: mfuko mdogo, ule unaowekwa rafu ya chini mtu asiinamie, ulikuwa nafuu kuliko huu. Nikamtuma alete na dumu moja la mafuta, nikalipindua: kitako chake kimebonyezwa ndani ngumi nzima. Pale kwenye ngumi aliuziwa hewa.

Akaunyanyua ule mfuko kwa mkono mmoja, akaushusha. Mkono uliobeba magunia.

"Mbona niliuona mwepesi tangu dukani?"

"Ukajiambia nini?"

"Nikaona wameandika Bei ya Familia."

Nikarudisha mizani mahali pake. Hata mimi kuna mahali naujua mpaka wa mdomo wangu.

Msaada sikumpa. Nilimpa bei. Sabuni zote na mafuta yote, jumla, nikitaja nusu ya alichonunulia.

"Mwizi mkubwa wewe!"

"Mwizi huja kimyakimya. Mimi nimekuja na mizani."

Tukavutana mpaka sauti zikakauka. Akapata nauli ya kwenda na kurudi, mimi nikapata faida yangu, tukapeana mikono. Akaondoka akisema atakaa huko mpaka wamchoke.

Jumamosi iliyofuata tu, huyo hapo, amesimama mbele ya genge bila mfuko wowote.

"Umerudi mapema, dada. Mtoto mzima?"

"Mzima. Kachukua paji la babu yake." Akashika ukingo wa meza. "Mkwe wangu ana heshima. Mama pumzika, mama kaa. Nikakaa. Siku moja wametoka, nikaingia jikoni kuwapikia. Si unanijua mkono wangu? Wakala siku tatu, kingine wakamwaga. Mwanangu akaniambia kwa upole, mama, sisi tuko watatu tu."

"Na wewe je, hukuwemo?"

"Mimi ni mgeni. Walinisindikiza mpaka kwenye basi."

Mteja wa nyuma yake akakohoa. Mama Sufuria akafungua kitambaa alichofungia pesa.

"Nipimie mchele. Nusu kopo."

Sijawahi kumpimia nusu. Nikachota, nikasawazisha kwa kiganja, nikamimina kwenye karatasi. Kisha, kama ninavyomfanyia kila mteja, nikaingiza mkono kwenye gunia kuchukua konzi ya nyongeza.

Akanishika mkono.

"Usiongeze," akasema. "Itabaki."